Viraka vya Saa Nane za Usiku

Jumanne asubuhi, mvua ya mwezi wa Nehase ikiwa haijapumua tangu Jumapili, Aynalem Wubshet alipanda ngazi za duka la karatasi pale Arat Kilo, mkono mmoja ukishika goti na mwingine ukishika ukuta. Huko juu kulikuwa na chumba kimoja, meza mbili, kompyuta nne zisizofanana, na wanaume wawili wasiotazamana.

"Nani kafa?" aliuliza huku akivua koti.

"Hajafa mtu, Etiye," alijibu Naod, msimamizi kijana, akimwita kwa heshima kama shangazi. "Bado."

"Usinitanie mimi, goti linaniuma. Gashe Getnet, hebu sema wewe."

Getnet Yirdaw, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mwenye sweta lililotoboka viwiko vyote viwili, alimsogezea karatasi. Aynalem alivaa miwani. Barua ilitoka ofisi ya afya ya mkoa, na ilikuwa fupi. Ofisi iko tayari kuzipa zahanati zake toleo jipya la Mezgeb kuanzia mwaka mpya, Meskerem mosi, kwa sharti moja tu: kila mkono ulioandika toleo hilo ujulikane kwa jina lake la kweli. Orodha iletwe Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Isipoletwa, zahanati zote mia moja na arobaini zitaifuta Mezgeb na kuchukua programu nyingine.

"Miaka tisa," alisema Getnet. "Wakiifuta, Aynalem, mimi sina nguvu za kuanza tena. Naufunga huu mlango, naenda kufuga nyuki."

Hakuwa akitia chumvi. Mezgeb ilikuwa daftari la chanjo la kwenye kompyuta: muuguzi anaandika mtoto kazaliwa lini, daftari linamwambia sindano ipi ni ya siku gani. Getnet aliianzisha mwenyewe, akaiacha wazi. Anayeitaka anaichukua bure, anayeona imechanika anashona kiraka na kukituma, wasimamizi wanakikagua, kikifaa kinashonewa. Halipwi mtu. Aynalem mwenyewe hakujua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Alikuwa mpelelezi wa polisi miaka ishirini na sita, kitengo cha kughushi, na alipostaafu alijitolea kujibu barua za watu wenye malalamiko. Alizijibu upesi kweli kweli. Getnet alikuwa akimtania kwamba anafunga jalada kabla mlalamikaji hajamaliza kukohoa.

"Majina si mnayo?" aliuliza.

"Tunayo kumi na tisa," alisema Naod. "Walioandika ni ishirini. Wa ishirini anajiita Tosign."

"Tosign yale majani?"

"Sijui majani gani. Mimi najua viraka. Vimefika mia mbili na kumi na viwili kwa miezi kumi, na vyote safi. Hajawahi kubishana na mtu, hajawahi kuomba chochote. Ndiyo maana nasema ni mwizi."

Aynalem alivua miwani, akaifuta. "Rudia hapo mwisho, mwanangu. Nilidhani nimesikia vibaya."

Naod hakucheka. Alikulia ughaibuni, mji wa theluji, akarudi nyumbani miaka miwili nyuma na akili kali na haraka nyingi. Alieleza kwamba miradi ya namna hii imewahi kuingiliwa hivyo hivyo: anakuja mgeni mpole, anafanya kazi mwaka mzima, watu wanamzoea, wanampa funguo, na siku moja anatia sumu ndani. Kisha akageuza kompyuta yake ili Aynalem aone. Kila kiraka kilibeba saa kilipoandikwa, kwa mujibu wa kompyuta ya mwandishi, na Naod alikuwa amezichora zote kwa vistari vyekundu.

"Anaanza hapa, 02:30. Hiyo ni saa nane na nusu za usiku kwa hesabu yenu. Anaandika mpaka 06:30. Anapumzika saa moja kamili. Anarudi 07:30, anamaliza 11:30. Siku tano kwa wiki, kama askari. Sasa nani Addis Ababa anaamka saa nane na nusu za usiku kufanya kazi ya bure? Hakuna. Lakini huko mashariki ya mbali muda huo jua limeshatoka na watu wanaingia ofisini. Huyu ana ofisi, Etiye. Ana mapumziko ya chakula. Kuna mtu anamlipa mshahara."

"Barua zake zinatoka wapi?"

"Zinapita kwenye huduma isiyoonyesha. Zinafika Alhamisi tu, mara moja kwa wiki, kifurushi kizima."

"Alhamisi saa ngapi?"

"Kwa saa ya seva yetu? Kati ya saa nne na saa tano asubuhi."

"Kwa nini mtu mwenye ofisi na mshahara asitume kila siku?"

Naod aligeuza kompyuta upande wake tena.

"Umeshamwandikia kumuuliza jina?"

"Jana, mara tatu. Kimya. Mimi nasema tung'oe viraka vyake vyote, tupeleke majina kumi na tisa."

"Vikitoka hivyo, toleo linasimama?" Aynalem alimgeukia Getnet.

"Halisimami," alisema mzee. "Nusu ya toleo ni yeye. Na kuna jambo lingine. Unaukumbuka mwongozo niliouandika? Mwongozo wa Anayeanza?"

"Kurasa tisini," alisema Naod huku akitazama dari.

"Tisini na nne. Hajausoma mtu. Kanuni ya kumi na saba inasema kila kiraka kimalizie kwa sentensi moja ya kumtaja atakayefaidika. Hakuna anayeifuata, hata huyu kijana wangu. Tosign anaifuata kila mara." Akasoma kwenye kioo, na sauti ikamlegea. "'Atakayefaidika: mtoto aliyezaliwa siku ya sita ya Pagume.' Pagume, mwezi wetu mdogo wa kumi na tatu, ni siku tano tu, na ya sita huja mara moja kwa miaka minne. Hicho ndicho kiraka chake cha kwanza. Mwizi gani anaandika hivyo?"

"Mwizi hodari," alisema Naod.

Aynalem aliomba mchoro uchapishwe, pamoja na orodha yote ya saa. Karatasi kumi na moja. Alizikunja, akazitia mkobani, akashuka ngazi moja moja.

Alikuwa na shughuli yake ofisi ya pensheni, na kwa kuwa goti halikutaka haraka alifika amechelewa. Mlango umefungwa. Mlinzi alikuwa amekaa chini ya paa la bati, anatafuna kolo, shayiri yake ya kukaanga, punje baada ya punje.

"Wamekwenda kula, mama. Rudi saa saba na nusu."

"Na wewe huli?"

"Nakula nini hapa, mawe?" Akamnyooshea kiganja. "Chukua. Huo mwavuli wako haukusaidii kitu."

Alichukua kolo, akajibanza ukutani. Hakuna la kufanya ila kusoma tangazo la mlangoni, nalo alilisoma kama alivyosoma kila karatasi maishani mwake, mpaka chini kabisa. *Jumatatu hadi Alhamisi: 2:30–6:30, 7:30–11:30. Ijumaa: 2:30–5:30, 7:30–11:30.*

Aliacha kutafuna.

Alitoa karatasi za Naod, akazikinga mvua kwa mgongo wake. Alitafuta Ijumaa ya kwanza, akaweka kidole. Kiraka cha mwisho kabla ya mapumziko, 05:24. Cha kwanza baada ya mapumziko, 07:33. Ijumaa ya pili: 05:11, kisha 07:40. Ya tatu hivyo hivyo. Siku nyingine zote mapumziko yalikuwa saa moja. Ijumaa tu yalikuwa ya saa mbili, ili wanaokwenda msikitini waende na kurudi. Aliruka hadi siku ya Timket, sikukuu ya Ubatizo: hakuna kitu. Siku ya Genna, Krismasi: hakuna kitu.

"We mlinzi," alisema, "wale wa mashariki ya mbali wanasherehekea Timket?"

"Sijui, mama. Mimi sijafika hata Bahir Dar."

Alicheka mpaka yule mtu akamsogezea na kigoda.

Naod alipokea simu mlio wa kwanza. "Umempata?"

"Nimeipata nchi yake. Sikiliza, na usinikatize. Kompyuta yake haina mtandao. Ingekuwa nao, saa ingejirekebisha yenyewe kama ya kwako. Hii imewekwa kwa mkono, na aliyeiweka alitazama saa ya ukutani kama mtu yeyote mwenye akili zake. Jua limetoka, saa ya kwanza ya mchana imepita, ya pili imepita, ni saa mbili na nusu asubuhi. Akaandika mbili na nusu. Kompyuta yako wewe ikasoma usiku wa manane."

"Hapana," alisema Naod.

"Saa mbili na nusu ofisi inafunguliwa. Sita na nusu chakula. Saba na nusu kurudi. Kumi na moja na nusu nyumbani. Huyo ni mtumishi wa serikali, Naod, tena wa hapa hapa. Wewe unatoka kwa watu wanaoanza kuihesabu siku katikati ya usingizi, sikulaumu."

"Etiye, mimi nimekaa miezi na huo mchoro…"

"Mchoro ni mzuri. Umeninyooshea njia. Sasa nieleze, anaandika mfululizo?"

Alisikia vidole vikigonga. "Hapana. Mistari minne, mitano. Dakika kumi. Halafu kimya nusu saa. Halafu mitatu tena."

"Mtu anayekatizwa. Kuna anayemgongea mlango. Alhamisi asubuhi anaandika?"

"Alhamisi asubuhi haandiki kabisa."

"Basi Alhamisi asubuhi yuko njiani. Nitafutie orodha ya zahanati zetu, na nani anachukua chanjo siku gani."

Kwani nani, kama si muuguzi wa zahanati, anayejali watoto wa Pagume, anakatizwa kila nusu saa, na mara moja kwa wiki anakwenda mahali penye umeme na mtandao? Zahanati za vijijini hazina friji. Wauguzi huzifuata chanjo kwenye ghala la wilaya kwa kasha la barafu, kila wilaya na siku yake. Wilaya za Alhamisi zilikuwa kumi na moja. Aynalem aliondoa zile za joto, kwa sababu tosign, majani yale ya kunukia ya kutia kwenye chai, huota kule juu kwenye baridi tu, na mtu hajipi jina la mmea asioujua. Zikabaki tatu. Alipiga simu tatu, akauliza swali moja: je, wauguzi wakija huwa mnawaachia kompyuta yenye mtandao? Ghala la kwanza walimkatia simu. La pili walisema hawana. La tatu, Gora Meda, ng'ambo ya Debre Berhan, alipokea mtu mwenye mafua, akasema, "Tunawaachia. Kwani kuna shida?"

"Hakuna shida, baba. Nakuja kunywa chai."

*

Alilala Debre Berhan Jumatano usiku chini ya mablanketi matatu, na Alhamisi saa tatu asubuhi alikuwa amekaa kwenye benchi la ghala la Gora Meda, anapuliza vidole. Mtunza ghala aliitwa Shibru, Ato Shibru kwa heshima, mtu mzima mwenye koti refu la jeshi na leso ya mafua mkononi. Aynalem alimwonyesha barua ya mradi. Ato Shibru aliisoma mara mbili, akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Tosign unamjua?" Aynalem aliuliza.

"Namjua. Ni majani."

"Na mtu?"

"Mtu gani anaitwa majani, weizero?"

"Hiyo kompyuta yako, nani anaitumia Alhamisi?"

"Wote. Wanatuma ripoti zao. Mmoja anaandika, mmoja anasubiri, mmoja ananilalamikia barafu imeyeyuka. Mimi sitazami wanachotuma. Nina friji sita za kutazama."

"Na wewe mwenyewe? Unajua kuandika msimbo?"

"Mimi?" Alipiga chafya. "Mimi hata kuchapisha karatasi namwita mtu."

Alikuwa akisema kweli. Aynalem aliwahi kuwahoji waongo wa daraja la juu, na hakuna aliyepiga chafya katikati ya uongo.

Ilipofika saa nne benchi lilikuwa limejaa. Wauguzi watano, makasha matano ya barafu, matope hadi magotini. Wanawake watatu, wanaume wawili. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ng'ombe. Aynalem aliwatazama mikono. Haikumsaidia kitu: mikono ya wote ilikuwa myekundu kwa baridi. Akiwauliza mmoja mmoja, aliyejificha miezi kumi ataendelea kujificha, na mpelelezi aliyestaafu hana hata kitambulisho cha kumtishia mtu. Ijumaa ilikuwa kesho.

Basi alifanya alilolifanya mara nyingi zamani, akiwa na walioghushi sahihi. Wale walikuwa na udhaifu mmoja tu: hawakuweza kuvumilia kazi yao idharauliwe.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti ya kutangaza, akisimama. "Mimi natoka kwenye mradi wa Mezgeb, Addis Ababa. Nimekuja kuomba radhi. Daftari letu ni bovu. Mtoto aliyezaliwa siku ya sita ya Pagume linampoteza, na tumekosa mtu wa kulitengeneza. Toleo jipya nalo litakuja na ubovu huo huo."

Wanaume wawili walitikisa vichwa kwa huruma. Muuguzi mmoja kijana alisema, "Aa, ndivyo mambo yalivyo."

"Nani kakwambia?"

Sauti ilitoka mwisho wa benchi. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, shali jeupe limeloa, kasha la barafu kati ya miguu.

"Samahani, sista?"

"Nauliza, nani kakwambia ni bovu? Imeshatengenezwa hiyo. Tangu mwezi wa Hidar imetengenezwa! Pagume ya siku tano na Pagume ya siku sita, zote. Mnakaa huko Addis hamsomi hata mnacholetewa?"

"Imetengenezwa kwenye toleo gani, sista?"

"Jipya."

"Toleo jipya halijatoka," alisema Aynalem polepole. "Wanaojua kilichomo ni watu ishirini duniani. Kumi na tisa nawajua kwa majina."

Benchi zima lilimgeukia yule mwanamke. Ato Shibru alishusha leso. Mwanamke alilitazama kasha lake, akaliinua kidogo, akaliweka tena palepale.

"Mungu wangu," alisema. "Nimejiponza kwa mdomo wangu mwenyewe."

Aliitwa Sista Yeshihareg, muuguzi wa zahanati ya mlimani, saa mbili kwa miguu kutoka hapo. Ato Shibru aliwapa chumba cha ndani, penye kompyuta, akafunga mlango, kisha akaufungua tena kidogo ili asikie.

"Utanipeleka wapi?" aliuliza Sista Yeshihareg. "Najua nimetumia kompyuta ya serikali. Lakini sikuwahi kumwacha mgonjwa. Akija mtu nainuka."

"Najua. Kila nusu saa unainuka. Sikupeleki popote, nimekuja kukuomba." Akamweleza yote: barua, Ijumaa, saa sita, mzee Getnet na nyuki wake.

Sista alisikiliza huku akifungua chupa ya chai. Harufu ya tosign ilijaa chumbani.

"Barua za kijana wenu hizo tatu sijaziona bado. Mimi nasoma Alhamisi tu."

"Ulijifunza wapi?"

Alivuta kutoka chini ya shali furushi la karatasi lililofungwa kwa bendeji, kingo zimechakaa. *Mwongozo wa Anayeanza.* "Shibru alinichapishia. Mwaka mzima nimeusoma. Umeandikwa vizuri, ila ukurasa wa sitini na mbili una kosa."

"Na kwa nini Tosign? Kwa nini usitumie jina lako?"

"Nililitumia mara moja."

Alifungua furushi ukurasa wa mwisho. Kulikuwa na karatasi nyingine, imekunjwa mara nne. Taarifa ya kasoro namba themanini na nane, karibu miaka miwili nyuma. *Mimi Yeshihareg Tekle, muuguzi. Watoto watatu waliozaliwa Pagume sita hawaonekani kwenye orodha. Naomba msaada.* Chini yake jibu: *Tumejaribu hatukuona kasoro hiyo. Mwone mtaalamu wa kompyuta wa ofisi yako. Taarifa imefungwa.* Na chini kabisa herufi mbili: A.W.

"Mtaalamu wa kompyuta wa ofisi yangu," alisema Sista Yeshihareg, "ni mimi na mbuzi wa jirani. Nikasema basi, jina la muuguzi halisomwi. Labda wataisoma kazi. Wale watatu niliwaandika ukutani kwa chaki, wakapata sindano zao zote, sasa wanakimbia hovyo. Lakini kila ikirudi Pagume sita nitaandika ukutani?"

Aynalem aliweka kidole juu ya zile herufi mbili. Aliona aibu, aibu ya waziwazi ya mtu mzima, masikio yakawaka moto katika baridi ile.

"Nilijaribu Pagume tano," alisema.

"Nini?"

"Sikujaribu siku ya sita. Nilijaribu ya tano, ikafanya kazi, nikafunga. A.W. ni mimi, sista. Aynalem Wubshet. Siku tatu hizi namtafuta aliyejificha, kumbe aliyemficha ni mimi. Nisamehe."

Nje, mtu alimaka kwa mshangao, "Wayne!" na mwingine akamnyamazisha. Sista Yeshihareg alimtazama mgeni wake, matope kwenye viatu, mkono kwenye goti. Kisha akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akamsogezea.

"Kunywa kwanza. Unatetemeka."

Alikunywa. Ilikuwa ya moto na tamu kupita kiasi.

"Jina nitawapa," alisema Sista. "Lakini kwa sharti moja. Samahani yako nimeipokea, ila samahani inabaki humu chumbani. Nataka ile themanini na nane ifunguliwe. Iandikwe mahali pa kusomwa na watu kwamba ilikuwa kweli."

"Nampigia Naod sasa hivi aifungue."

"Naod ndiye aliyeifunga?"

Aynalem alishusha simu.

"Kiti hiki hapa," alisema Sista Yeshihareg, akimsogezea kiti cha mbele ya kompyuta. "Sura ya tatu ya mwongozo, Kiraka Chako cha Kwanza. Usiogope, haiumi."

Ilichukua dakika arobaini. Mtu aliyewakamata walioghushi hawala za benki alitoka jasho kwa mistari minne. Aliifungua themanini na nane, akaandika chini yake kwamba ilikuwa kweli, na haikuishia hapo: Sista alimfanya arekebishe pia lile jibu la kunakili alilokuwa akiwatumia watu wote, liache kumfukuza mtu na limuulize badala yake tarehe gani hasa, mtoto gani hasa. Ato Shibru aliingia mara mbili kwa kisingizio cha kutafuta leso. Wauguzi wanne walikuwa mlangoni na makasha yao, hakuna aliyekumbuka barafu.

Katikati ya hayo Aynalem alimpigia Getnet. "Tumempata, Gashe. Ni muuguzi, Yeshihareg Tekle. Jina lake la kweli unalo leo. Amejifunza kwenye mwongozo wako."

"Amesoma mwongozo wangu?" Sauti ya mzee ilipanda. "Wote?"

"Mpaka mwisho. Anasema ukurasa wa sitini na mbili una kosa."

Kule upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayecheka au anayelia, na Naod akiuliza, "Nini? Nini?" na mzee akimjibu, "Kaa chini, wewe! Kamata kalamu, andika jina la ishirini!"

Aynalem alikisoma kiraka chake mara ya mwisho, akabonyeza kutuma. Kanuni ilitaka mtu mwingine akikague kabla hakijapokewa. Sista Yeshihareg alivuta kibodi upande wake, akakisoma kimya, mstari kwa mstari, akakirudisha.

"Hakijakamilika. Kanuni ya kumi na saba."

"Ee, jamani."

"Hata wewe."

Aynalem alifikiri kidogo, kisha akaandika kwa kidole kimoja: *Atakayefaidika: yeyote anayetuandikia kwa mara ya kwanza.* Akatuma tena.

Safari hii Sista aliandika jibu, akatia jina lake kamili chini, Yeshihareg Tekle, muuguzi, na akageuza kioo ili mwenzake aone. Lilikuwa jibu lile lile ambalo mwongozo unaagiza apewe kila mgeni anayeleta kiraka chake cha kwanza, na ambalo kwa miezi kumi hakuna aliyekumbuka kumwandikia Tosign.

*Kimepokewa. Asante kwa kazi yako. Karibu kwetu.*

Aynalem aliyasoma maneno hayo mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akanyoosha kifuniko cha chupa aongezewe chai.